Nani Amebaki na Mtoto?

Kaa kwenye kikao chochote cha wazazi hapa Tunduma, haitapita muda kabla mtu hajasimama kusema malezi yameporomoka. Ushahidi wake unajulikana: mama yuko mpakani tangu alfajiri, baba yuko safarini, mtoto anashinda na simu au na wenzake kando ya reli, jioni anakuja na matusi ambayo hakuna aliyemfundisha. Hukumu hutolewa palepale, kwamba wazazi wa siku hizi hawana uchungu na watoto wao. Toleo hili linahusu malezi katika mkoa wetu wa Songwe, na kabla msomaji hajaingia katika makala zenyewe ningependa kuipinga hukumu hiyo. Matatizo yapo na hakuna anayeyaficha. Ninachokikataa ni maelezo ya chanzo chake. Wanaanthropolojia wamechunguza malezi kwa karibu miaka mia moja sasa, baadhi yao wakiwa Afrika Mashariki, na jambo linalojirudia katika kazi zao ni kwamba jamii hutofautiana hasa katika namna zinavyogawana kazi ya kumshika mtoto: nani anambeba asubuhi, nani anamlisha mchana, nani ana ruhusa ya kumkaripia, nani analala naye. Mgawanyo huo hufuata shughuli za watu wazima. Shughuli zikibadilika, mgawanyo unavunjika, na tunachokiita kuporomoka kwa maadili mara nyingi ni mtoto ambaye zamu yake haina mtu.

Mfano mzito kuliko yote uko jirani kabisa. Kati ya 1934 na 1938 Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi Rungwe wakiwachunguza Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu chake, Good Company, kinachoeleza vijiji vya rika. Mtoto wa kiume alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake akiwa na miaka kama sita, pamoja na wenzake. Alipofikia miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa wazazi na kwenda kulala na rika lake katika vibanda walivyojijengea wenyewe, mahali ambapo baadaye wangeoa na kuzeekea. Msomaji wa leo akiishia hapo atasema hawa walitupa watoto. Lakini vijana wale walirudi kula kwa mama zao kila siku, na hawakula kila mtu kwao. Walizunguka kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na mama aliyewakuta mlangoni alijua kwamba kesho mwanawe naye angekuwa mlangoni kwa mtu. Kwa hiyo usiku mtoto alikuwa chini ya macho ya rika, mchana alikuwa shambani kwa baba, na wakati wa chakula alikuwa mbele ya wanawake kadhaa waliomfahamu kwa jina na kwa tabia. Mtu mzima wa kumkagua hakukosekana hata siku moja.

Kuna watakaosema ushahidi huu ni wa kikoloni na umepambwa. Pingamizi hilo lina haki yake. Mwaka 1973 Michael McKenny aliandika katika jarida la Africa akihoji kama vijiji vya rika viliwahi kuwa na sura iliyonyooka kama Wilson alivyovichora. Isitoshe, alichokikuta Rungwe hakiwezi kuchukuliwa kizimakizima na kubandikwa kwa Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba au Wabungu wa Wilaya ya Songwe. Yeye mwenyewe, alipoandika mwaka 1958 juu ya watu wa ukanda huu ulio kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika, alitaja tofauti zao, na hata Wandali wa Ileje walio karibu zaidi na Wanyakyusa wana mambo yao. Hata hivyo hoja yangu haiegemei ramani ya vijiji. Inaegemea ule mzunguko wa chakula, na mambo ya namna hiyo yameonekana na watafiti wengine wengi ambao hawakuwa na sababu ya kukubaliana na Wilson.

Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955 akifuatilia watoto wachanga wa Kiganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, wengi wao wakilelewa na mama pamoja na bibi, dada na ndugu wengine wa nyumbani. Kutokana na kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1967, ndipo ilipokomaa nadharia ya mtoto kumng'ang'ania mlezi wake, nadharia ambayo leo hutumiwa kuwatia hatia akina mama wanaokwenda kazini. Ajabu ni kwamba Ainsworth hakuona sababu ya kuamini kuwa mtoto kushikwa na watu kadhaa kunamharibia uhusiano wake na mama. Kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Alyssa Crittenden na Frank Marlowe walipima na kukuta karibu theluthi moja ya muda ambao mtoto mdogo anashikwa, anashikwa na mtu asiye mama yake. Na kwa Wakisii wa Kenya, ambako Robert LeVine alianza kazi katika miaka ya 1950, mama alimbeba mtoto muda mrefu na kumnyamazisha upesi alipolia, lakini hakuzungumza naye sana wala kumtazama usoni. Wazungumzaji wa mtoto walikuwa watoto wenzake. Wanawake wa Kisii walipoonyeshwa filamu za akina mama wa Marekani walishangaa jinsi mtoto anavyoachwa alie. Wamarekani nao wanaposoma habari za Wakisii hushangaa jinsi mtoto asivyosemeshwa. Kila upande unaona ukatili kwa mwenzake, na kila upande una jibu. Mama wa Kisii alikuwa akimlinda mtoto dhidi ya kifo katika miaka yake ya mwanzo, akijua maneno atayapata kwa ndugu zake uani. Mama wa Marekani hakuwa na uani wenye watoto, hivyo maneno yote yalimwangukia yeye.

Wakipsigis wa Kenya wanatusaidia kuona jambo jingine. Charles Super alionyesha mwaka 1976 kwamba watoto wao wa kijiji cha Kokwet waliwahi kukaa na kutembea kuliko wa Marekani, na wengi walikuwa wamezoea kueleza tofauti hiyo kwa damu. Sivyo. Mama wa Kokwet alichimba kishimo kidogo ardhini, akamkalisha mtoto humo, akamzungushia nguo zisimwache aanguke, na kila siku akamfanyisha zoezi la kusimama. Katika mambo ambayo hakumfundisha, kama kutambaa, mtoto wake hakuwahi. Watoto waliwahi pale walipofundishwa, na walifundishwa yale ambayo kaya iliyahitaji: mtoto anayekaa mwenyewe anaweza kuachiwa dada wa miaka saba ili mama akapalilie.

Huyo dada ndiye mtu muhimu kuliko wote katika habari ya malezi ya Songwe, na ndiye anayetajwa kidogo kuliko wote. Mpaka leo utamwona katika mitaa ya Tunduma: ana miaka minane au tisa, kitenge kimefungwa kwa fundo juu ya kifua, mdogo wake amelala mgongoni, naye yumo katikati ya mchezo wa rede akikwepa mpira kwa kuinama mbele tu, kwa sababu anajua akijitupa nyuma ataangukia mtoto. Ujuzi ule hakuupata kliniki. Lakini siku hizi utamwona Jumamosi na wakati wa likizo, maana siku nyingine yuko darasani, na ni haki yake awe darasani. Kampeni ya elimu kwa wote ya miaka ya 1970 na elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 zimetimiza jambo ambalo hakuna mwenye akili atakayetaka lirudi nyuma. Ila zilimwondoa mlezi saa za mchana, na sijaona bajeti ya serikali iliyowahi kuuliza nani achukue nafasi yake.

Mkoa wetu ulizaliwa mwaka huohuo wa 2016, nao Tunduma ukawa mji unaokimbia mbele ya huduma zake. Sensa ya 2012 iliukuta ukikaribia watu laki moja. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya laki mbili. Wengi wamekuja kwa biashara ya mpakani, kutoka Mbozi, Ileje, Momba, Rukwa, Mbeya na Nakonde iliyo upande wa Zambia, na wanaishi vyumba vya kupanga. Bibi amebaki kijijini na kahawa yake. Shangazi yuko mkoa mwingine. Wapangaji wa nyumba moja wanasalimiana vizuri, wanaazimana chumvi, lakini hakuna mwenye mamlaka ya kumkemea mtoto wa mwenzake, kwa sababu leo wapo na mwezi ujao mmoja atahama. Akina mama wa Rungwe walilisha watoto wa wenzao wakijua watakaa pamoja mpaka uzeeni. Nyumba ya wapangaji haiwezi kutoa dhamana hiyo, hata wapangaji wakiwa watu wema kupindukia. Pengo linazibwa na binti wa kazi aliyetolewa kijijini, na mwanamke wa mtaani anayekaa na watoto uani kwa malipo ya kila siku, na kwa wenye uwezo, hadi mwaka 2023, na shule ya bweni. Mwanzoni mwa 2023 Wizara ya Elimu ilisitisha huduma ya bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, ikisema watoto wadogo wanahitaji kuwa na familia zao. Naikubali sababu hiyo. Kijana wa Rungwe alilala nje akiwa na miaka kumi lakini alimwona mama yake kila siku. Mtoto wa miaka sita wa bweni alimwona wakati wa likizo. Hata hivyo swali ni lilelile: aliporudishwa nyumbani, alimkuta nani?

(Baba amepita kwa haraka katika aya hizi, kama anavyopita katika vitabu vingi vya wataalamu hao. Si kwamba maumbile yamemtoa. Barry Hewlett alionyesha mwaka 1991 kwamba baba wa jamii ya Waaka, katika misitu ya Afrika ya Kati, huwa na mtoto wake mchanga mikononi au karibu naye muda mrefu ajabu, kwa kuwa mume na mke huwinda pamoja kwa nyavu.)

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba nayapamba ya zamani. Malezi ya wengi yalificha mengi: mtoto wa ndugu aliyelala jikoni huku wa nyumbani wakilala kitandani, mjomba ambaye kila mtu alimjua na hakuna aliyemsema, msichana aliyeitwa mwanafamilia ili asilipwe. Ni kweli yote, na yanaendelea. Kusema kwamba desturi ina sababu zake hakumlazimu mtu kuikubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na sioni utamaduni wowote unaoweza kudai msamaha hapo. Lakini sheria hufaa zaidi ikijua inamgusa nani. Ukimkataza mama asimwachie mtoto dada wa miaka tisa, na huna kituo cha kulelea watoto mtaani kwake, umemwamuru achague kati ya soko na mtoto, naye hataacha soko, kwa kuwa mtoto anakula kutoka sokoni.

Wengine watasema shule imebadilisha kila kitu, kwamba mtoto wa sasa anahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye na kumsomea. Hapa nakubaliana nao kuliko wanavyotarajia. LeVine na wenzake, katika utafiti wao uliotolewa mwaka 2012 na ulioihusisha pia Zambia, jirani zetu wa hatua chache, walionyesha kwamba kusoma kwa mama hubadili namna anavyomsemesha mtoto na anavyoelewa maelekezo ya afya. Tunachotofautiana ni kudhani kwamba anayesemesha lazima awe mama peke yake. Dada anayetoka darasa la nne na daftari lake anaweza kuwa msomaji wa kwanza katika maisha ya mdogo wake.

Serikali ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Lengo lake ni jema. Shaka yangu ni juu ya nani anafikiwa. Elimu ya malezi inayotolewa kliniki asubuhi inampata mama, ambaye saa mbili baadaye atakuwa mpakani, na inamkosa yule atakayekuwa na mtoto mpaka jioni. Halmashauri zetu zinaweza kuyapeleka mafunzo hayo Jumamosi mtaani, kwa bibi, kwa binti wa kazi na kwa watoto wanaolea wadogo zao. Wale wanawake wanaokaa na watoto uani nao waandikishwe badala ya kufukuzwa, kwa masharti wanayoweza kuyatimiza wakiwa katika nyumba za kupanga. Yaanze na choo, maji salama na idadi ya watoto kwa mlezi mmoja. Picha za ukutani na sare zinaweza kusubiri.