NDOO YA MLANGONI IMEKWENDA WAPI?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wapenzi, wakubwa miongoni mwenu mnaikumbuka ndoo ya maji yenye bomba iliyowekwa mlangoni mwa madrasa mwaka 2020. Leo haipo. Natutafakari kwa nini.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, huko Arusha. Kesho yake Serikali ikatangaza kufunga shule, na za msingi hazikufunguliwa hadi 29 Juni. Misikiti na makanisa viliachwa wazi, na mwezi Aprili Rais Magufuli aliitisha siku tatu za maombi ya kitaifa. Migodi na masoko viliendelea. Kwa watu wetu wa Geita na Kahama, ambao asiyeshuka duarani leo hali leo, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini takwimu za nchi ziliishia Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka. Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 28 Julai 2021. Hija nayo ilifungwa kwa wageni kutoka nje ya Saudia mwaka 2020 na 2021.

Nami nakiri kosa langu. Siku zile niliwaambia wanafunzi kuwa dua inatosha. Wazazi wakanisadiki kwa kuwa mimi ni mwalimu. Dua ni silaha ya Muumini, lakini nilifundisha nusu ya somo.

Nusu ya pili ni hii. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah. Akakataza kuingia penye tauni na kuikimbia kutoka pale ilipo. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anakimbia qadar, alijibu kuwa anatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Je, imani yetu inaizidi ya Umar?

Msiseme yamepita. Januari 2025 virusi vya Marburg vilitangazwa Biharamulo, jirani kabisa na Chato. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika mwezi Machi, watu 10 walikuwa wamefariki.

Basi naomba mambo matatu:

1. Ndoo irudi mlangoni, na sabuni iwepo.
2. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, wala asichekwe.
3. Mhudumu wa afya akiuliza, tuseme kweli. Kuficha maradhi ni kuwadhulumu majirani.

Tahadhari kabla ya hatari. Allah atukinge, awarehemu waliotangulia.

Wabillahi tawfiq.