Mvumo wa Moyo si Hukumu

Moyo una vali nne, milango ipitishayo damu upande mmoja tu. Vali ikivuja kidogo, daktari husikia mvumo. Mwenye kasoro hiyo mara nyingi huweza kucheza na wenzake, mradi apimwe kila baada ya muda. Kumkataza michezo bila ushauri wa daktari ni kumdhulumu.

Hofu yetu tuielekeze kwingine. Maambukizo ya koo yasiyotibiwa yaweza kuleta homa ya baridi yabisi, hasa kati ya miaka 5 na 15, nayo huharibu vali. Penisilini huizuia. Mwalimu wa Kariakoo asidharau koo la mwanafunzi. Na amwonapo akitweta ngazini, akizimia au akivimba miguu, asikawie: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, haiko mbali.