Taa za Noeli Nje ya Nyumba

Kila mwaka Majilio yanapofika, maduka ya Bukavu, Goma na Lubumbashi huanza kuuza mapambo ya Noeli. Kati ya mapambo hayo kuna kanda nyembamba za taa, zikunjikazo kama mshipi, ambazo watu huziita LED. Jamaa nyingi hupenda kuzitandaza juu ya mlango, chini ya ukingo wa bati, au kulizungushia pango la Noeli walilolijenga uani. Juma hili twapenda kuwaeleza wazazi namna ya kuzifunga vema, maana taa ile ile iletayo furaha yaweza kuleta msiba ikifungwa ovyo.

Desturi ya kuwasha taa usiku wa Noeli ina maana yake. Katika Misa ya usiku nabii Isaya atutangazia habari ya nuru iliyowafikia watu wa gizani. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango la Noeli kule Greccio, mwaka 1223, watu walilijia usiku wakichukua mishumaa na mienge. Taa za umeme zilikuja baadaye: mwaka 1882 Edward Johnson, Mmarekani aliyefanya kazi pamoja na Thomas Edison, aliuzungushia mti wake wa Noeli taa 80, mjini New York. Tena mwaka 2014 wataalamu watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuvumbua LED ya rangi ya buluu, iliyofungua njia ya kupata LED za mwanga mweupe.

Basi, desturi ni njema. Lakini tukumbuke jambo moja: Ulaya Noeli huja wakati wa baridi, kwetu Kivu na Katanga huja wakati wa mvua. Tena nyumba zetu nyingi zina bati, na kamba za kuanikia nguo mara nyingi ni waya za chuma zilizofungwa kwenye nguzo ya nyumba. Waya wa umeme uliochubuka ukigusa bati lililolowa, nguvu zake zaweza kupita katika bati na katika waya wa nguo, mpaka mkononi mwa mtoto asiye na viatu. Hiyo ndiyo hatari tunayotaka kuikinga.

Kinga ya kwanza ni kuchagua. Kuna kanda zinazotumia volti 12 au 24, nazo huwashwa kwa njia ya transfoma, yaani kile kisanduku kinachopunguza nguvu za umeme. Kuna na nyingine zinazotiwa moja kwa moja katika umeme wa volti 220. Kwa nyumba yenye watoto twashauri ile ya volti 12. Ukichubuka, haumpigi mtu kama ule wa volti 220. Soma pia alama iliyoandikwa juu ya boksi: IP20 ni ya ndani tu, IP65 yavumilia mvua, IP67 imefunikwa vizuri zaidi. Ukanda wa IP20 usiutoe nje, hata ukiwa wa bei nafuu.

Kinga ya pili ni kufunga. Nyuma ya ukanda kuna gundi, na wengi huubandika ukutani mara moja. Lakini gundi hiyo haishiki juu ya tofali, udongo wala chokaa. Baada ya mvua mbili ukanda huning'inia. Afadhali kupigilia kwanza ubao mwembamba uliopigwa randa. Upanguse kwa kitambaa chenye alkoli kidogo, uuache ukauke, ndipo ubandike. Kisha ongeza vibanio vidogo vya plastiki kila sentimeta 30 hivi, ukivikaza kwa parafujo kandokando ya ukanda. Usipigilie msumari katikati yake kamwe. Ukanda hukunjika upande wa bapa tu. Ukiupinda kwa ubavu, vinjia vya shaba vilivyo ndani hukatika. Penye pembe uuzungushe polepole, usiukunje kama karatasi.

Ukitaka kuufupisha, tafuta alama ya mkasi. Katika kanda nyingi za volti 12 alama hiyo hurudi baada ya kila taa tatu. Kata hapo tu. Lakini tambua ya kuwa mahali palipokatwa ni mlango wa maji: paziwe kwa silikone na kifuniko, na pakauke kabla ya kuwashwa. Usiuwashe ukanda ungali umeviringishwa katika gurudumu lake, kwa sababu hupata moto na kuharibika.

Kinga ya tatu ni kuuongoza waya. Transfoma ikae ndani, mahali pakavu penye hewa, mbali na mapazia. Waya utokao nje usishuke moja kwa moja kutoka juu na kuingia ndani, maana maji yatafuata njia hiyo hiyo. Uuache ushuke kidogo kama tumbo chini ya tundu, kisha upande na kuingia. Maji yatadondoka pale chini. Viungo vya waya visilale chini, wala visifungwe kwa mfuko wa plastiki tu. Nyumba yenye umeme wa mji iwe na disjonkta ya miliampere 30, ile inayokata umeme mara nguvu zinapopotea ardhini au mwilini mwa mtu. Kazi hiyo apewe fundi wa kweli.

Wengine watauliza: je, gharama? Tufanye hesabu. Ukanda wa wati 4.8 kwa kila meta, wenye meta 5, watumia wati 24. Si hata nusu ya taa moja ya zamani ya wati 60. Katika volti 12 hiyo ni ampere 2. Ukiwaka tangu saa kumi na mbili jioni hata saa nne usiku, utatumia ampere-saa 8. Betri ya ampere-saa 40 inayojazwa na jua yaweza kazi hiyo bila kuumizwa, mradi haikutumiwa mno kwa mengine, na mradi fuzi imewekwa karibu na betri yenyewe. Transfoma nayo iwe na nguvu kupita kazi yake: kwa wati 24 nunua ya wati 30 au zaidi. Usiunganishe kanda nyingi kwa mfululizo mmoja. Za mwisho hufifia, na za mwanzo huchukua mzigo wa wote. Kila meta 5 zipewe waya wake.

Lililobaki ni la mama na baba kuamua pamoja. Ngurumo zikianza, taa zizimwe na waya uchomolewe katika priza kabla radi haijakaribia, kwa maana milima ya Kivu ni kati ya mahali papigwapo na radi mara nyingi sana duniani. Jamaa wakienda kulala, zizimwe pia. Watoto waonywe wasiziguse. Aliye mkubwa afundishwe kazi kando ya baba yake, apate kujua sababu ya kila jambo.

Tena taa zisinunuliwe kwa fedha ya chakula au ya shule. Nyumba isiyoweza kununua ukanda haikukosa Noeli. Meta mbili zilizofungwa vema juu ya pango zamheshimu Mtoto Yesu kuliko meta ishirini zinazotisha jirani wakati wa mvua. Jioni, kabla ya kuzizima, jamaa wote wasimame mbele ya pango, wasali pamoja, na wawakaribishe watoto wa jirani kutazama.

Twawatakia nyote Majilio matakatifu.