Kikomo Kisichokoma

Ninayo sarafu ya faranga 5 ya Katanga, ya mwaka 1961, ya shaba nyeusi. Upande mmoja pana ndizi, upande wa pili pana msalaba wa shaba, ule ule ambao wazee wetu waliusubu wakati wa kiangazi na kuutolea mahari. Mwaka huohuo serikali ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo, ilitoa faranga 5 nyingine, ya dhahabu, vipande 20,000 tu. Ya shaba ilikwenda sokoni. Ya dhahabu ilifichwa kabatini.

Hata dola ambayo haikutimiza miaka mitatu iliijua biashara ya uhaba. Ila Januari 1963 Katanga ilirudi Kongo, na mlango ukajifunga. Hakuna aliyeweza kuchonga nyingine.

Watengeneza saa wa Uswisi wao mlango hawaufungi. Mwaka 2015 Omega ilitoa Speedmaster yenye kijibwa cha katuni, Snoopy, saa 1,970, kukumbuka mwaka wa safari ya Apollo 13. Mwaka 2019 ikaja ya miaka 50 ya Apollo 11: 6,969 za chuma cha pua, 1,014 za dhahabu. Mwaka 2020 Snoopy huyo akarudi, sura tofauti, safari hii bila kikomo cha idadi. Kila sherehe ina saa yake, na sherehe haziishi.

Watetezi watasema wanunuzi ndio wanaotaka. Ni kweli: mwaka 2021 Patek Philippe ilitoa Nautilus 170 zenye jina la duka la vito la Tiffany, na moja ikauzwa mnadani New York kwa takribani dola milioni 6.5. Lakini saa 170 ni jambo moja, 6,969 ni jambo jingine. Hiyo ya pili ni shehena iliyopigwa namba. Rolex haina desturi ya kuchonga namba za namna hiyo, na bado watu wanazisubiri saa zake.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, matoleo haya yenye kikomo yamezidi.

Hapa Lubumbashi wapo wanaoweza kuzinunua. Shaba na kobalti zinawalipa. Fundi saa wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, mwenye lenzi jichoni na kisahani cha skrubu mapajani, haulizi yako ni ya ngapi kati ya ngapi. Anauliza kama inatumia betri au inajijaza yenyewe. Kabla ya kutoa pesa, nawe muulize kama ataweza kuifungua.