Bintiyo anataka kusomea uchumi na takwimu? Mwacheni asome

Tuchukue nahodha anayevusha watu kati ya Shela na Ras Kitau. Analipwa kwa simu siku nzima, jioni anatazama salio, basi. Bintiye akisema anataka kusomea uchumi na takwimu chuo kikuu, anaulizwa: "Hesabu hizo zitakupa kazi gani?"

Sisi tunasema mwacheni asome. Mwaka 2016, wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha utafiti kuhusu M-Pesa. Kwa miaka kadhaa walihoji kaya za Kenya, wakalinganisha zilizosogezewa mawakala na zisizosogezewa. Wakakadiria kwamba huduma hiyo ilitoa kaya 194,000 kwenye umaskini. Bila hesabu, hayo yangebaki maneno ya barazani.

Shahada kama ile ya Uchumi na Takwimu ya Chuo Kikuu cha Nairobi inafundisha kazi hiyo. Mzazi, mjaribu leo: mpe taarifa ya miamala yako ya miezi 12. Mafuta ya boti yamekula ngapi? Masika, wageni wakipungua, mapato yalishuka vipi? Akikuonyesha mwezi wa kuweka akiba, swali lako limejibiwa.

Ila PIN usimpe. Taarifa inatosha.