Utafiti wa Magari Uanzie kwenye Mzigo wa Mkulima

Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kusafirisha mizigo yao kutoka pwani kwenda Ujiji kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Chombo hicho kilikuwa kimethibitika Afrika Kusini. Huku kwetu mbung'o waliwaua ng'ombe, jaribio likavunjika, na mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Hakuna aliyekuwa amechunguza vya kutosha ni njia gani gari lile lingepita.

Kosa hilo vyuo vikuu vyetu bado vinaweza kulirudia. Ulyankulu, wilayani Kaliua, imo katika nchi hiyohiyo ya misafara. Makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yalianzishwa hapo mwaka 1972, na wengi wao pamoja na watoto wao ni raia wa Tanzania leo. Wanalima mahindi na tumbaku. Kabla lori halijaonekana, gunia hutoka shambani kwa baiskeli, pikipiki, guta au mkokoteni wa ng'ombe, juu ya mchanga wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Gharama ya safari hiyo fupi humwangukia mkulima, naye hana wa kumhamishia.

Zipo juhudi za kujivunia katika ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilionesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na basi la Kayoola, linalosaidiwa na nguvu ya jua, likafuata mwaka 2016. Hapa nyumbani, Shirika la Nyumbu la Kibaha, lililo chini ya jeshi, limejishughulisha na teknolojia ya magari kwa miongo kadhaa. Funzo la Makerere halimo katika betri peke yake. Serikali ya Uganda iligeuza kazi ya wahadhiri na wanafunzi kuwa kampuni, Kiira Motors, na kuipa mtaji. Bila mnunuzi na karakana, gari la chuo huishia kwenye banda la maonesho.

Wapo watakaosema kwamba guta na mkokoteni si uhandisi wa hadhi ya chuo kikuu. Nauliza: fremu ya guta ihimili vipi mzigo uliozidi kipimo bila kupasuka kwenye maungio? Breki ya mkokoteni ifanyeje kazi kwenye mteremko? Beringi ilindwe vipi dhidi ya mchanga? Tairi liwe na upana gani ili lisizame? Hayo ni maswali ya nguvu za vifaa, msuguano na usalama wa binadamu. Kwa sasa anayeyajibu ni fundi wa kuchomelea, kwa kubahatisha na kurekebisha, bila mtu wa kumpimia kazi yake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa uhandisi mitambo wanaokwenda mafunzo kwa vitendo wapelekwe pia kwenye gereji za wilayani, wapime na kuchora yale ambayo mafundi wamekwisha kuyabuni, na majina ya mafundi hao yaandikwe katika kazi hiyo. Pili, mhadhiri anayepandishwa cheo kwa makala apandishwe pia kwa chombo kinachotumika. Tatu, halmashauri zinazotenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu zivipe vikundi nafasi ya kununua au kuunda vyombo vilivyopimwa na vyuo vyetu. Hapo mnunuzi atakuwa amepatikana, na pesa yenyewe tayari imo katika sheria.

Sipingi gari la umeme. Napinga utaratibu unaotufanya tujivunie gari la maonesho mjini huku mama wa Ulyankulu akisukuma baiskeli yenye gunia. Wanyamwezi waliubeba uchumi wa nchi hii mabegani kwa vizazi. Watumishi wa umma mnaosoma haya, bajeti iko mezani kwenu. Nanyi wanafunzi, mada ya mradi wa mwaka wa mwisho mnayo.