Tuitambue Matatu kwa Bodi, Si kwa Rangi

Wanafunzi wenzangu, kila asubuhi mabishano ni yale yale. Wa Kawangware husifu manyanga za ruti ya 46, wa Kibera nao huitetea nambari 8. Lakini mwulize yeyote bodi hiyo iliundwa na nani, atabaki kutazama michoro tu.

Matatu nyingi kubwa ni Isuzu, yaani chasisi ya lori. Paa, madirisha na mlango ni kazi ya mafundi wetu wa hapa nchini, vyuma vya kuchomelea. Rangi ikishapakwa hufunika yote, hata uchomeleaji mbovu. Na gari likibingirika, paa ndilo la kutukinga ama kutuponda.

Wenzetu wa Uingereza hawakuacha jina la fundi lipotee. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa adimu, karakana zikaunda magari ya bodi za mbao. Hadi leo wajuzi huyatambua kwa maungio ya mbao, umbo la madirisha na kibati cha karakana mlangoni. Hata Morris Minor Traveller, ya 1953 hadi 1971, mbao zake za nyuma si pambo. Zikioza, gari halina nguvu.

Basi matatu nazo ziwe na kibati mlangoni, mahali abiria anaona: jina la karakana na mwaka. Makanga watacheka, najua. Lakini ikiwa mwanamuziki wa Marekani amepewa herufi za futi nzima ubavuni, fundi atakosaje nafasi ya kiganja?